Ardhilhali ya diko letu: siku nane, Likoni hadi Bungeni na kurudi

Jumamosi, Likoni

Maji yamekupwa, ngalawa zimelala ubavu. Tumekaa chini ya mkungu tangu alasiri, na karatasi zetu ziko juu ya meza ya kuuzia samaki iliyopanguswa mara mbili na kutandikwa gazeti. Mimi ndiye katibu wa kamati ya diko, pahali petu pa ufuoni tunapotia ngalawa na kushusha samaki, kwa hiyo kalamu iko kwangu.

Kisa chetu ni kifupi. Diko lilikuwa na njia mbili. Ile pana, iliyokuwa ikipita gari la barafu, ilizibwa kwa ukuta mwaka jana na mtu aliyenunua kiwanja cha juu. Tulichobakiwa nacho ni uchochoro wa kupita mtu mmoja mwenye ndoo kichwani, na bamvua, yale maji makubwa, likijaa hata huo huliwa na maji. Samaki anayechelewa kufikiwa na barafu huuzwa kwa bei ya kuombea. Tumeandika barua tatu kwa ofisi tatu. Ya kwanza ilituambia jambo hili ni la kaunti, ya pili ikasema ni la serikali kuu, ya tatu haikujibu.

Nilipoifungua Katiba ya Kenya ya 2010 nikaona wanakopatia mwanya wa kutusukumiana. Jedwali la Nne linagawa kazi za serikali mbili. Uvuvi umeandikwa upande wa kaunti, lakini ukienda upande wa serikali ya kitaifa unaukuta tena, chini ya hifadhi ya mazingira. Na Ibara ya 62 inasema ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Yaani ufuo ni wetu sote, ila hakuna aliyeandika mtu ataufikia vipi.

Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, kulitaka Bunge litunge sheria, liibadilishe au liifute. Nahodha, ambaye ndiye mwenyekiti wetu na ana miaka 71, husema ardhilhali, neno la wazee wake. Nimelipenda neno hilo na nimeliandika juu kabisa.

Ombi lina adabu zake. Liandikwe kwa lugha ya heshima, Kiswahili au Kiingereza. Kila ukurasa uwe na kichwa kinachotaja jambo lenyewe. Liseme tumejaribu wapi kwengine na tukajibiwa nini, na kama kesi iko mahakamani. Lisiambatanishwe na barua wala viapo. Maandishi yake yasiwe yamefutwa wala kuongezwa maneno baina ya mistari. Na mwisho wake pawe na haja iliyo wazi, tunachotaka kitendeke. Haja yetu ni hii: Bunge lichunguze, na itungwe sheria ya kulinda njia ya wavuvi kufikia kila diko kabla hati ya kiwanja jirani haijatolewa.

Sahihi 64. Kumi na moja kati yake ni za dole gumba. Mzee mmoja wa mshipi alifuta kidole chake kwenye kanzu kabla ya kukichovya katika wino, akakiweka taratibu, akakishikilia pale kwa muda.

Jumapili

Usiku, saa tatu, Mama Karanga amebisha hodi. Yeye ndiye mkubwa wa kina mama wanaonunua samaki diko na kuwakaanga.

"Mwanangu, nisomee tena ile haja."

Nikamsomea.

"Njia ya wavuvi," akasema. "Na sisi je? Kesho ukuta ukivunjwa, askari akae pale aniulize wavu wangu uko wapi, nitamwambia nini?"

Nilinyamaza. Nimeishi na maneno haya wiki mbili na sikuliona hilo. Duka la kuchapisha lilikuwa limefungwa, na tikiti za gari la moshi ni za kesho asubuhi. Kanuni ya kutoongeza maneno nilikuwa nayo kichwani, lakini dai lake sikuweza kuliacha nyuma. Nikachukua kalamu, na baina ya mistari, kwa herufi ndogo nilizoweza, nikaandika: *na wachuuzi wa samaki*.

Jumatatu, njiani

Feri ya alfajiri, kisha matatu hadi stesheni ya Miritini. Tikiti ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500, na kwa watu watatu pesa hiyo ilichangwa sarafu kwa sarafu. Mama Karanga amebeba mahamri, na mbaazi kwenye chupa ya chai. Nahodha amevaa kanzu na koti, na bahasha ameiweka kifuani, ndani ya koti. Kuna waliotuuliza kwa nini tusiitume kwa posta. Nahodha aliwajibu kwamba barua tatu zimeshatumwa, na hii anataka kuiona kwa macho yake ikipokelewa.

Baada ya Mariakani nchi ikawa kavu. Kabla ya Voi tuliona ndovu, wekundu kwa vumbi la Tsavo, na Mama Karanga akasimama dirishani hadi wakapotea.

Nahodha aliniuliza Bunge lina watu wangapi, nami nikamhesabia. Bunge la Taifa lina wabunge 290 wa maeneo bunge, wanawake 47, mmoja kwa kila kaunti, na 12 wanaoteuliwa na vyama. Jumla 349, na Spika juu yao. Mombasa ina maeneo bunge sita: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Ukiongeza Mwakilishi wa Wanawake, sisi ni saba.

"Saba katika 349," akasema, akatazama nje. "Na hiyo nyumba nyingine?"

Seneti ina maseneta 47 wa kuchaguliwa, wanawake 16 wa kuteuliwa, vijana wawili na watu wawili wenye ulemavu. Jumla 67. Nikamwambia huko hesabu inakwenda kwa namna nyingine, na nitamwonyesha tukifika.

Alitaka kujua pia kama karatasi ya Kiswahili itapokewa kwa uzito ule ule. Ibara ya 120 inasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Mwenyewe anakumbuka mwaka 1974, Mzee Kenyatta alipotaka Kiswahili kitumike bungeni, na jinsi watu wa Pwani walivyokaa kando ya redio. Baadaye alikuja Shariff Nassir wa Mvita, ambaye kwa Kiswahili chake hakuna aliyethubutu kumkatiza. Nahodha alimtaja akacheka peke yake.

Tumefika Syokimau mchana. Tunalala kwa mpwa wake Nahodha, South B. Baridi ya huku inaingia hadi mifupani.

Jumanne, Nairobi

Mnara wa saa tuliuona kutoka mbali. Langoni tulipekuliwa, tukaandikwa majina, tukaelekezwa ofisi inayopokea maombi kwa niaba ya Karani wa Bunge.

Aliyetupokea ni binti wa umri wa mwanangu. Alimpa Nahodha kiti kwanza, akamwamkia. Kisha akasoma. Hakupitisha jicho tu, alisoma, kidole chake kikifuata mistari, na sisi watatu tukikitazama kidole kile. Ukurasa wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Kwenye wa tatu kidole kikasimama.

"Shangazi, maneno haya yameongezwa kwa mkono."

Nikamweleza yalivyoongezwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema maneno yenyewe hayana ubaya, lakini ombi likiingia hivi, mtu yeyote aweza kusema kesho kwamba yaliandikwa baada ya watu kutia sahihi. Karani wa Bunge ana siku saba za kuhakikisha ombi limetimiza masharti, na hili lingerudi Likoni.

Nahodha hakusema neno. Mkono wake ulirudi kifuani, mahali ilipokuwa bahasha.

"Sahihi ziko ukurasa gani?" akauliza binti. Nikamwonyesha. Zilikuwa kwenye kurasa zao peke yake, na kila ukurasa una kichwa kinachotaja jambo la ombi, kama kanuni ilivyotaka. Akatabasamu. "Basi badilisheni huu mmoja tu. Lakini wale waliotia sahihi wanajua kuna maneno haya?"

Mama Karanga alikuwa ameshatoa simu. Alimpigia katibu msaidizi aliyebaki, naye akawakusanya watu diko, simu ikawekwa sauti ya juu. Nikasoma haja yote upya, nimesimama kwenye kibaraza cha jengo la Bunge, na kutoka Likoni ikarudi sauti ya watu wengi ikiitikia, na nyuma yake upepo. Sitausahau upepo ule.

Tulichapisha ukurasa mpya mjini, tukarudi mbio. Muhuri ukapigwa. Wino wa zambarau, tarehe katikati. Nahodha alipewa nakala, akapitisha kidole juu ya muhuri kama anayejaribu makali ya kisu.

Alasiri, saa nane na nusu, tulikuwa kwenye roshani ya wageni. Simu zimeachwa mlangoni, na hairuhusiwi kupiga makofi. Kila mtu akasimama. Aliyetangulia alikuwa Mpambe wa Bunge, amebeba begani fimbo nzito inayometa, nyuma yake Spika.

"Ile inaitwaje?" Nahodha akaninong'oneza.

"Siwa."

Akanigeukia kama niliyemtania. Mamake alikuwa mtu wa Lamu. Siwa anayoijua yeye ni ile pembe kubwa, ya shaba ya Lamu na ya ndovu ya Pate, zinazokaa leo katika jumba la makumbusho la Lamu. Ilipulizwa siku kubwa, kwenye harusi za wenye nasaba na shughuli za utawala, na haikupulizwa na kila mtu. Asiyekuwa na siwa hakuwa na neno. Bunge limeazima jina la pembe ya Pwani, na sidhani wengi waliokaa ukumbini wanalijua hilo. Hii ya Bunge haipulizwi. Hulazwa juu ya meza, na pasipo siwa mezani Bunge halijakaa.

Spika akaomba dua, shughuli zikaanza, na mapema tu yakafika maombi ya wananchi. Lilisomwa ombi la watu wa kaunti ya mbali sana na kwetu, kuhusu maji. Mama Karanga alinishika mkono, hakuuachia mpaka likaisha. Baada ya kusomwa likapelekwa kwa kamati. Nasi njia yetu itakuwa hiyo hiyo: lisomwe na Spika au liletwe na mbunge kwa niaba yetu, halafu kamati ituite.

Ukafuata mswada Kusomwa kwa Mara ya Kwanza. Nilidhani utasomwa. Karani alisimama, akasoma jina lake tu, akakaa. Hakuna mjadala. Hapo ndipo mswada unapokabidhiwa kamati, na kamati ndiyo inayopaswa kuwauliza wananchi kabla ya Kusomwa kwa Mara ya Pili, ambapo wabunge hujadili shabaha ya mswada mzima, wanaitaka au hawaitaki. Tuliona mswada mwingine ukifikia hapo. Spika aliuliza, upande mmoja ukasema Ndio, mwingine La, naye akaamua kwa sikio. Asiyeridhika huweza kudai kura ihesabiwe, na kengele hulizwa ili walio nje waingie. Spika mwenyewe hana kura, na kura zikilingana hoja imeanguka.

Viti vingi vilikuwa vitupu. Katiba inataka wabunge 50 tu ili Bunge liendelee. Mtumishi wa roshani alituambia wengine wako kwenye kamati au kwenye maeneo yao, na huenda ni kweli. Lakini sikupendezwa. Mtu aliyetoka Likoni na mahamri yake kuja kutazama sheria ikitungwa anastahili kuwaona wanaoitunga.

Jumatano

Jumatano asubuhi Bunge la Taifa hushughulikia miswada ya wabunge wenyewe, isiyoletwa na serikali. Ndiyo siku niliyojifunza zaidi, na ilianza kwa jambo dogo: Spika aliondoka kitini, na siwa ikashushwa kutoka juu ya meza ikawekwa chini yake.

Nahodha alishtuka akidhani kikao kimevunjika. Sivyo. Bunge lilikuwa limegeuka kuwa Kamati ya Bunge Zima. Watu ni wale wale, ukumbi ni ule ule, ila sasa mswada unapitiwa kifungu kwa kifungu, neno kwa neno, na kila mbunge aliyetoa taarifa mapema anaweza kutaka neno litoke au liingie. Hotuba ndefu zilikwisha. Watu waliinama juu ya karatasi.

Kifungu kimoja kilisema afisa *anaweza* kumjibu mlalamishi. Mbunge mmoja mama, sauti yake ndogo, alisimama akataka neno hilo litolewe, liandikwe kwamba afisa *sharti* amjibu. Maelezo yake hayakufika dakika mbili. Akauliza tofauti iko wapi, akajijibu: ya kwanza ni hisani, ya pili ni haki. Ndio zikasikika, La zikasikika, na mwenyekiti akatangaza Ndio wameshinda.

Nikazikumbuka barua zetu tatu. Ofisi ile ya tatu ilikaa kimya kana kwamba imeandikiwa *anaweza*, si *sharti*. Na Mama Karanga, ambaye hakupita darasa la nne, alikuwa amefanya kazi ile ile Jumapili usiku mlangoni kwangu. Nikamwambia. Akasema, "Mimi nilitaka kupita tu."

Kamati ikamaliza, siwa ikarudi juu, Spika akakaa, na mswada ukaenda Kusomwa kwa Mara ya Tatu. Hapo ni kukubali au kukataa, hakuna tena kuchokora maneno. Kila kilichosemwa kimeingia kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge, na mtu yeyote anaweza kuisoma.

Tulitoka tukapita kando ya ukuta wa nje. Kijana wa mpwa wake Nahodha alitusindikiza. Hapa alikuwapo tarehe 25 Juni 2024. Siku hiyo Mswada wa Fedha ulipita Kusomwa kwa Mara ya Tatu kwa kura 195 dhidi ya 106, na muda si muda vijana waliokuwa wakiandamana wakaingia ndani ya Bunge. Moto uliwaka, risasi zikapigwa, watu wakafa. Kesho yake Rais akasema hatautia saini. Ibara ya 115 inampa Rais siku 14, ama atie saini ama aurudishe mswada Bungeni na sababu zake, naye aliurudisha akitaka vifungu vyote vifutwe. Bunge lingeweza kumpinga kwa theluthi mbili ya wabunge. Halikufanya hivyo.

Kijana alisema rafiki yake alianguka hatua chache kutoka tulipokuwa tumesimama. Mama Karanga alisoma Fatiha pale pale, barabarani, magari yakipita. Sikuwa na neno la kuongeza siku ile na sina leo. Ninachojua ni kwamba vijana wale walikuwa wameusoma mswada, kifungu kwa kifungu, wakaufasiri kwa lugha za mtaani na kusambaziana kwenye simu. Walifanya kazi ya Kamati ya Bunge Zima, ila hawakuwa na mahali pa kusimama na kusema neno hili litoke.

Alhamisi

Asubuhi tulikwenda kwenye kikao cha kamati, katika jengo jipya la Bunge lenye ghorofa 28 lililofunguliwa 2024. Mikutano ya kamati iko wazi kwa umma, Ibara ya 118 imesema hivyo, na kama si binti wa ofisi ya maombi tusingejua. Chumba hakikuwa kikubwa. Wabunge kumi na kitu walizunguka meza, na mbele yao wakulima waliokuja kuusemea mswada mmoja. Hakuna aliyepayuka. Mwenyekiti alimuuliza mkulima, "Ungeandika wewe, ungeandikaje?" Mkulima akafikiri kitambo, akasema, na karani akaandika.

Kwa mawazo yangu, Bunge ni chumba kile. Ukumbi mkubwa ndio unaoonyeshwa kwenye televisheni, lakini pale ndipo mtu wa kawaida anapoweza kuliweka neno lake mkononi mwa mwenye kalamu. Lililoniuma ni hili: matangazo ya mikutano kama hii hata inapokuja Mombasa hutufikia imeshapita, au yanabandikwa pahali ambapo mvuvi hapiti. Tangazo likibandikwa feri, kila mtu wa Likoni atalisoma.

Alasiri, Seneti. Nahodha nilimwahidi hesabu, na hii ndiyo yenyewe. Mswada unaohusu kaunti lazima upite nyumba zote mbili, na katika Seneti mswada huo haupigiwi kura na kichwa cha mtu bali na kaunti. Kila kaunti ina kura moja, inayopigwa na kiongozi wa ujumbe wake. Kaunti 47, kura 47, na ushindi ni 24. Mombasa na Nairobi ziko sawa pale, Lamu na Kiambu ziko sawa.

"Basi huku sisi ni mmoja katika 47," akasema Nahodha. Alikuwa ameihifadhi ile saba katika 349 tangu Voi.

Nyumba mbili zisipokubaliana, huundwa kamati ya upatanisho yenye watu sawa kutoka kila upande. Wakishindwa kuafikiana kwa siku 30, mswada umekufa.

Seneti hii ni ya pili katika historia ya nchi. Ya kwanza ilizaliwa na uhuru mwaka 1963, enzi za akina Ronald Ngala waliopigania majimbo, na Spika wake alikuwa Muinga Chokwe, mtu wa Pwani. Ilivunjwa 1966, nguvu zikarudi Nairobi, na ikachukua mpaka Katiba ya 2010 na uchaguzi wa 2013 kuirudisha. Spika wa sasa, Amason Kingi, alikuwa gavana wa Kilifi. Nahodha alimtazama kitini kwake muda mrefu. Akasema wazee wa majimbo waliitwa wakorofi, na leo sisi tunakuja kutafuta njia ya diko katika nyumba waliyoitaka.

Ijumaa, njiani

Gari la mchana. Mama Karanga amelala. Nahodha ameniomba nimweleze upya, taratibu, ni siku ngapi kila hatua, na ameanza kuzihesabu kwa vidole. Si kwa kalenda. Kwa maji.

Karani wa Bunge, siku saba kulikagua ombi. "Hiyo ni kutoka bamvua mpaka maji mafu." Maji mafu ni yale yasiyojaa sana wala kupwa sana.

Rais, siku 14 tangu apokee mswada. "Bamvua mpaka bamvua."

Akishatia saini, sheria huchapishwa katika gazeti rasmi la serikali ndani ya siku saba. "Mafu tena."

Na huanza kufanya kazi siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa yenyewe iseme vingine. "Bamvua."

Alinyamaza. Kisha akauliza kuhusu yaliyo katikati: kamati, kusomwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, nyumba ya pili, upatanisho. Nikamwambia huko katikati hakuna maji ya kuhesabu. Yaweza kuwa msimu mmoja wa kusi, yaweza kuwa misimu kadhaa ya kusi na kaskazi, na mswada ambao Bunge halijaumaliza hufa Bunge linapofikia mwisho wake, ikabidi uanzwe upya. Na sisi hatuna mswada bado, tuna ombi tu.

"Najua," akasema. "Nimewahi kungoja kaskazi."

Jumamosi, Likoni

Diko lilikuwa limejaa kuliko siku tuliyoondoka. Tulipita uchochoroni mmoja mmoja, maji yakitulamba miguu. Nakala yenye muhuri ilipita mikono yote 64 na zaidi, na nilimwona yule mzee wa mshipi akiutafuta ukurasa wenye dole lake, akalilinganisha na kidole.

Tumeelewana hivi. Kijana mmoja atakuwa akifuatilia orodha ya shughuli za Bunge kila Jumanne, kwenye simu, aone kama ombi limepangwa kusomwa. Mimi nitamwandikia mbunge wetu na Seneta, barua moja yenye maneno yale yale. Mama Karanga na wenzake watahesabu, tangu leo, ndoo zinazoharibika kwa kukosa barafu, kila siku, kwenye daftari, kwa sababu mkulima wa Alhamisi alipoulizwa alikuwa na hesabu zake mkononi na kamati ilimsikiliza.

Daftari limeshanunuliwa. Ukurasa wa kwanza Mama Karanga ameniomba nimwandikie kichwa: *Diko letu, njia ya wavuvi na wachuuzi wa samaki*. Chini yake ametia tarehe mwenyewe, na alama mbili za ndoo za leo.